Namna ya Kuandika Taazia ya Marehemu, Awe Mashuhuri au Jirani wa Mtaa wa Pili

Mama mkubwa wangu alipozikwa, wasifu wake ulisomwa kwa muda usiotimia dakika mbili. Tuliambiwa alizaliwa lini, aliolewa na nani, alijaliwa watoto wangapi, kwamba alikuwa mkulima, na kwamba aliugua kwa muda mfupi kabla ya kuitwa na Mola wake. Jioni ile ile, kwenye jamvi la akina mama, mwanamke mmoja wa kijiji cha pili aliwasimulia wenzake jinsi marehemu alivyomfuata usiku wa mvua, akavuka mto maji yakiwa kiunoni, huku amejitwika kopo la maziwa ya unga ambamo alikuwa ametia wembe mpya, uzi uliochemshwa na kipande cha kanga safi. Karibu kila nyumba iliyokuwapo msibani ilikuwa na mtoto aliyepokewa na mikono ile, lakini neno mkunga halikuwamo katika karatasi iliyosomwa. Tangu siku hiyo nimewaandikia taazia ndugu na majirani wengi, na ninayoyaeleza hapa nimejifunza katika kazi hiyo.

Kwanza tenganisha tanzia na taazia, maana watu huzichanganya. Tanzia ni taarifa ya kifo, na kazi yake ni kuwawahisha watu mazikoni. Waliokua wakisikiliza matangazo ya vifo redioni wanaukumbuka mtindo wake, kwamba habari ziwafikie fulani na fulani popote pale walipo. Basi andika jina kamili pamoja na jina alilojulikana nalo mtaani, siku na mahali alipofia, mahali na saa ya mazishi, kisha komea hapo. Taazia ni maelezo ya maisha yenyewe, nayo haitaki haraka. Kwa Waislamu, ambao humzika maiti mapema iwezekanavyo, mara nyingi hakuna nafasi ya kuiandika kabla ya maziko, na wakati unaofaa ni kuelekea hitima au arobaini. Kwa Wakristo husomwa siku ya mazishi, na kwa kuwa ibada huwa na ratiba yake, ni vizuri kuandika mbili, fupi ya kusomwa na ndefu ya kubaki na familia.

Kazi ya kukusanya habari ifanyike kabla ya kuanua matanga, kwa sababu hakuna siku nyingine ambapo watu waliomjua marehemu katika kila kipindi cha maisha yake watakaa chini ya turubai moja. Beba daftari dogo, keti na wazee, na usiulize alikuwa mtu wa namna gani, kwani utajibiwa kwamba alikuwa mtu wa watu. Uliza mambo yanayoshikika: aliamka saa ngapi, alifanya nini kwanza, alinunua nini kwa mshahara wake wa kwanza, aligombana na nani wakapatanishwa na nani, ni chombo gani hakumruhusu mtu mwingine kukigusa. Nenda pia jikoni wanakopika wali wa msiba, kwa maana wanaokata vitunguu huzungumza kwa uhuru kuliko waliopewa kipaza sauti.

Wasikilize watani zaidi ya wote. Katika misiba mingi ya Tanzania mtani ana ruhusa ya kuigiza mwendo wa marehemu, kuvaa kofia yake, kudai deni lake mbele ya jeneza na kutaja ubahili wake hadharani, na hakuna anayemkasirikia. Wengine hucheka wakasahau, lakini mwandishi aandike, kwa sababu katika maigizo yale mna sauti ya marehemu, neno alilopenda kulirudia na namna alivyokohoa kabla ya kukataa jambo. Nimewahi kupata aya nzima kutokana na mtani mmoja aliyeigiza jinsi mzee alivyohesabu chenji mara tatu kabla ya kuifunga kwenye pindo la shuka.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. Usiichukue ile ya kwenye kitambulisho bila kuuliza, kwa kuwa wazee wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikujulikana waliandikishiwa 1 Januari au 1 Julai ili fomu ijazwe. Linganisha cheti cha ubatizo, kadi ya chama na cheti cha ndoa, kisha uwaulize wa rika lake kuhusu matukio: alikuwa ameanza shule wakati wa uhuru wa 1961? Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967? Je, alihama wakati wa Operesheni Vijiji, au baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979? Tukio moja pekee halitoshi. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa akieleza kuzaliwa kwake kwa zama za rupia, lakini rupia ilitumika Zanzibar hadi mwisho wa 1935, kwa hiyo neno hilo peke yake linaacha miaka mingi wazi na linahitaji tukio la pili la kulibana. Ukishindwa kupata mwaka, andika kwamba inakadiriwa, na useme makadirio hayo yametokana na nini.

Sasa unakuja uamuzi mgumu kuliko yote, nao ni kuchagua. Taazia nyingi huharibika kwa kuorodhesha: alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu. Tafuta jambo moja ambalo likiondolewa, maisha yale hayaeleweki, ulitangulize, na mengine uyapange kulizunguka. Yatazame maisha ya Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950 na ambaye Shaaban Robert aliona anastahili kuandikiwa wasifu. Mtu angeweza kuanza na safari ya Bombay ya mwaka 1928, alikokwenda kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili, na asingekosea. Lakini Siti alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa, akawa akitembeza vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti. Ukianza na vyungu, msomaji ataisikia sauti ile ikipaa njiani kabla haijafika kwenye santuri, naye atatambua umbali aliousafiri binti huyu.

Kwa mtu asiyejulikana kanuni ni hiyo hiyo, ila hapa kazi yake ndiyo hupaswa kuelezwa kwa vitendo. Usiandike kwamba alikuwa fundi cherehani hodari. Andika kwamba alipima kwa shubiri, kwamba alitunza vipande vya vitambaa vya sare za shule kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua shati jipya, na kwamba alifunga mashine saa ya magharibi hata kama mteja alikuwa mlangoni. Maneno kama mcheshi, mchapakazi na mpenda watu yafute yote katika rasimu ya kwanza, kisha yarudishe yale tu ambayo umeyapatia tukio la kuyathibitisha. Kwa uzoefu wangu huwa halirudi hata moja.

Unapomwandika mtu mashuhuri, kishawishi ni kunakili vyeo vyake. Vyeo vitaje kwa ufupi na kwa usahihi, kwa sababu vipo kila mahali, kisha utafute pale maisha na kifo vinapokutana. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 71. Alikuwa ameomba asizikwe katika jeneza la mbao, hivyo likatengenezwa jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi, na mwili wake ukachomwa. Mwandishi aliyeliangalia jeneza lile vizuri hakuhitaji kueleza kwa maneno makubwa kwamba mama huyu alimaanisha alichokisema kuhusu miti.

Kuhusu sababu ya kifo, fuata idhini ya familia. Wakikubali, itaje kwa jina lake, kwa sababu ugonjwa unaotajwa huwasaidia wengine kwenda kupimwa mapema. Wakikataa, andika tu kwamba amefariki dunia na siku yake, na usijaze nafasi kwa mafumbo yatakayozaa uvumi. Kubwa kuliko hilo ni orodha ya wafiwa. Mtoto wa nje ya ndoa, mke aliyeachwa, mke mdogo ambaye upande mmoja wa ukoo haumtambui, hao wote watasikiliza kama majina yao yametajwa. Mwandishi hana mamlaka ya kuamua mirathi, lakini asikubali karatasi yake itumike kumfuta mtu, na kama ukoo haujakubaliana, ni afadhali kuandika kwamba ameacha wajane, watoto na wajukuu bila kutaja jina la yeyote. Makosa ya marehemu nayo yasigeuzwe kuwa sifa. Aliyekuwa mkali aandikwe kuwa alikuwa mkali, kwa heshima, na hakuna mtoto wake atakayeshangaa.

Wako pia waliokufa bila mtu wa kuwasemea siku ile. Katika Vita Kuu ya Kwanza makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 iko mwendo mfupi kutoka hapo, lakini walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Ikiwa katika ukoo wenu kuna babu aliyechukuliwa asirudi, mwandike hata kama una sentensi tatu tu: jina, kijiji alikotoka, na yale nyanya zenu waliyoyasimulia. Pale kaburi linapojulikana, eleza liko wapi kwa alama zisizohama. Familia ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau wa Kenya aliyenyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, imekaa miongo mingi ikiomba kuonyeshwa mahali alipozikwa.

Rasimu ikikamilika, msomee mjane, mgane au mtoto mkubwa kwa sauti kabla haijatoka mikononi mwako, ukiwa na kalamu. Wakati mwingine atakunyamazisha katikati akuambie kwamba haikuwa baiskeli nyekundu, ilikuwa ya kijani, na ataanza kusimulia habari uliyoitafuta wiki nzima. Mwache amalize, kisha ndipo urekebishe. Chini ya ukurasa andika tarehe uliyoandika, jina lako, na majina ya waliokupa habari kama wameridhia. Toa nakala moja kwa kila mtoto na nyingine kwa mzee anayetunza mambo ya ukoo, na kila nakala iachiwe ukingo mpana wa kuandikia masahihisho.