Viza ya Italia ya siku 90: namna ya kujiandaa ukiwa Malindi au Lamu

Malindi haikosi mtu aliyealikwa Italia. Huyu amempikia mwenye nyumba miaka kumi, yule humpeleka mgeni wake matumbaweni kila Agosti, mwingine dadake ameolewa Bergamo. Mwaliko hupatikana upesi, shughuli iko kwenye viza. Wapo wengi wanaonyimwa ilhali safari yao ni ya haki kabisa, na kinachowaangusha ni karatasi zisizokubaliana: barua ya mwaliko inasema wiki tatu, bima ni ya siku 30, nafasi ya ndege ni ya miezi miwili. Afisa anayesoma faili hakujui wewe wala mamako, wala hajui una mashua pale Mayungu. Anajua kilichoandikwa tu. Basi kazi yako yote ni kuhakikisha kila karatasi inatoa kauli moja na mwenzake.

Unachoomba ni viza fupi ya Schengen, aina ya C. Inakufungulia nchi 29 za Ulaya zilizo ndani ya eneo la Schengen, lakini unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Roma usiku kumi na Paris usiku watatu, unaomba Italia. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Viza hii hairuhusu kazi ya malipo, hata ile ya kumlelea mwenyeji wako watoto, na ukiandika mahali popote kwamba "utamsaidia nyumbani" umejifungia mlango mwenyewe.

Hesabu ya siku huwakosesha watu sana. Sheria ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka vilevile. Ukiingia tarehe 1 Julai, siku ya 90 ni tarehe 28 Septemba. "Miezi mitatu" si hesabu, kwa maana Julai na Agosti pekee zina siku 62. Halafu viza yenyewe si lazima ikupe siku zote 90. Ukiomba siku 21 utapewa karibu na hizo, basi omba zile unazoweza kuzieleza.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu kuongeza mpaka siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Chukulia hizo 45 ndizo kawaida, utalala usingizi.

Kwa mfanyakazi wa hoteli, wakati mzuri wa kusafiri ni msimu wa mvua za masika, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za Malindi na Watamu zinapofunga au kupunguza kazi. Sababu si likizo tu. Barua ya mwajiri inayosema hoteli imefungwa, na kwamba unatakiwa kazini tarehe 1 Julai msimu unapoanza, ni ushahidi mzito kuwa utarudi. Anayeomba ruhusa ya kuondoka Desemba, hoteli ikiwa imejaa, anamwachia afisa swali ambalo hakulijibu. Wa Aprili aanze kukusanya karatasi Januari.

Majina yako kwanza

Kabla ya benki na kabla ya tiketi, tandaza mezani pasipoti, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na barua ya kazi, usome majina herufi kwa herufi. Hapa Pwani ndipo pana mtego. Kitambulisho kinasema Mwanaisha Athman Famau, cheti cha shule Aisha Athumani, na cheti cha nikaha kutoka kwa kadhi kimeandikwa Mwana Esha Athman. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, na mtaa mzima unamjua. Kwa mfumo wa kompyuta ni wanawake watatu.

Pasipoti ndiyo inayotawala. Fomu, bima, nafasi ya ndege na barua ya mwaliko vyote vifuate tahajia ya pasipoti, hata kama imekosewa kidogo. Ubini uandikwe ule ule uliowekwa kwenye nafasi ya ubini ndani ya pasipoti, usijichagulie jina la babu kwa kuwa ndilo unaloitwa. Karatasi zinazotofautiana na ambazo huwezi kuzibadilisha kwa sasa, nenda kwa wakili uape hati ya kiapo inayotaja majina yote na kueleza kuwa ni ya mtu mmoja. Kama kosa liko ndani ya pasipoti yenyewe na ni kubwa, rekebisha kwanza, viza ingoje.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 angalau baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Ukiwa nayo ya zamani yenye viza, iambatanishe.

Pesa, na namna ya kuzionyesha

Italia ina jedwali lake la kiwango cha chini, na ni vizuri ulijue ili usiende kwa kubahatisha. Kwa anayesafiri peke yake kwa siku 11 hadi 20, ni yuro 51.64 kwa mkupuo pamoja na yuro 36.67 kwa kila siku. Zaidi ya siku 20, ni yuro 206.58 na 27.89 kwa siku. Kwa hiyo siku 14 zinahitaji yuro 565.02, na siku 30 zinahitaji yuro 1,043.28. Hicho ni kiwango cha chini. Ukionyesha hicho kitupu, na mshahara wako hauelezi umekipataje, bado utaulizwa.

Taarifa ya benki ya miezi 6 iliyopigwa muhuri ndiyo inayotazamwa. Afisa hatazami salio la mwisho peke yake, anafuata mtiririko: mshahara unaingia lini, unatoka vipi, kinabaki nini. Akaunti iliyokuwa na shilingi elfu nne mwezi hadi mwezi, kisha ikapokea laki mbili wiki moja kabla ya maombi, inasema waziwazi kwamba pesa ni za kuazima. Kama ni zako kweli, labda umeuza kiwanja au umepokea zamu yako ya chama, weka mkataba wa mauzo au barua ya chama pembeni, na tarehe zilingane. Usikubali dalali akuchapishie taarifa ya benki. Benki hupigiwa simu, na karatasi ya kughushi inakuharibia jina kwa miaka.

Wengi wetu pesa zetu hupita M-Pesa, si benki. Hilo halikufungii njia. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 kwa *334#, itakuja kwenye barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri; ifungue na uichapishe yote. Kama una laini ya biashara, chukua na ya hiyo. Kisha andika ukurasa mmoja wa maelezo: mapato ya wastani kwa mwezi, yanatoka wapi, nani wanaolipa mara kwa mara. Bila ukurasa huo, kurasa arobaini za miamala ni kelele tu.

Ushahidi wa kazi nao hutegemea mtu. Mwajiriwa alete barua yenye cheo, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, siku za likizo na tarehe ya kurudi, ikiwa na sahihi, muhuri na namba ya simu itakayopokelewa. Mwenye duka alete leseni ya biashara ya kaunti ya mwaka huu, PIN ya KRA na cheti cha kutodaiwa kodi. Mvuvi au nahodha alete barua ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya pwani yake na hati za chombo. Fundi wa milango wa Lamu asiye na barua ya mtu yeyote aambatanishe leseni, risiti za wateja, na picha mbili tatu za karakana, kwa kuwa zinaonyesha mali isiyobebeka.

Nyumba za Lamu nyingi ni za ukoo na hati miliki haina jina lako. Usiseme unamiliki. Barua ya chifu inayoeleza kuwa unaishi hapo na familia yako, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa, inatosha kuonyesha mizizi yako.

Barua ya mwenyeji

Wanayoiita lettera d'invito si barua ya mapenzi wala ya sifa. Iwe na jina kamili la mwenyeji, tarehe yake ya kuzaliwa, anwani ya nyumba utakayolala, jina lako na namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na kutoka, mnajuana vipi na tangu lini, na nani analipa kitu gani. Iambatane na nakala ya kitambulisho chake, na sahihi ya barua ifanane na ya kitambulisho. Hilo la sahihi husahaulika mno, mwenyeji akiwa ameandika jina kwa haraka tu.

Mwenyeji akisema atagharimia kila kitu, maneno matupu hayatoshi. Hapo huingia hati ya dhamana ya benki, fideiussione, iliyotolewa kwa jina lako. Hata hivyo weka na pesa zako kidogo. Mtu mzima asiye na senti yake anaonekana mtu asiye na cha kurudia.

Na uhusiano wenu uandikwe ulivyo. Kama ni mchumba, sema ni mchumba. Fomu ikisema "rafiki wa familia" na wewe mahojianoni ukaja na jingine, faili nzima inatiliwa shaka. Mke au mume wa raia wa Italia ana njia yake, na halipi ada, lakini awe na cheti cha ndoa kinachotambulika.

Bima na ndege

Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 angalau, ihusu nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Ianze siku ya kutua na iishe siku ya kuondoka au baada yake. Ya ndege, peleka nafasi iliyowekwa ya kwenda na kurudi. Usilipe tiketi nzima kabla ya viza kutoka.

Picha na vidole

Picha ni milimita 35 kwa 45, mandharinyuma meupe, ya hivi karibuni. Hijabu inaruhusiwa, uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi paji. Usivae mtandio mweupe, ukingo wa kichwa utapotelea ukutani. Chagua rangi nzito. Mwanamume avue kofia.

Alama za vidole huchukuliwa vyote kumi, isipokuwa kwa watoto chini ya miaka 12. Bibi aliyetoka harusini na piko kwenye ncha za vidole anaweza kuisumbua mashine, na hali kadhalika mvuvi aliyelika ngozi kwa kamba. Acha piko wiki mbili tatu kabla, na mwenye vidole vikavu apake mafuta kila usiku kwa siku kadhaa. Ukishatoa alama, huweza kutumika tena kwa miezi 59.

Siku ya Nairobi

Lazima uende mwenyewe kwenye kituo cha kupokea maombi ya viza, kwa miadi. Anayetoka Lamu ahesabu boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha Nairobi. Miadi ya asubuhi inataka ulale Nairobi usiku wa kabla. Mwenye uwezo apande ndege Manda. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya hapo ni bure. Hulipwa kwa shilingi, huongezwa malipo ya kituo, na hairudishwi hata ukinyimwa. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi wote wawili iliyotiwa sahihi mbele ya wakili.

Beba asili na nakala. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi, na tarehe uzijue kichwani.

Ukinyimwa

Utapewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Isome kabla ya kulia. Kama ni pesa, leta pesa zilizoelezwa. Kama ni shaka ya kurudi, tatizo liko kwenye barua ya kazi na familia. Kwa Italia rufaa hupelekwa mahakama ya utawala ya Lazio, TAR, ndani ya siku 60, na inahitaji wakili wa huko. Kwa safari fupi ya utalii gharama hiyo mara nyingi haina maana. Kuomba upya hakujakatazwa, mradi kasoro imeondolewa. Kurudisha faili ileile ni kutupa yuro 90 nyingine. Usifiche kwamba uliwahi kunyimwa, kwa kuwa taarifa hubaki miaka 5 kwenye VIS, mfumo wa taarifa za viza za Schengen.

Viza ikitoka

Soma stika hapo hapo kituoni: jina, namba ya pasipoti, tarehe, idadi ya siku, na idadi ya kuingia. Tarehe za mwanzo na mwisho si idadi ya siku. Mara nyingi huongezwa siku 15 za akiba, nazo si za kukaa. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwa feri kutoka Bari kwenda Albania umeimaliza. Kwenda Lugano hakuna shida, Uswisi imo ndani.

Nakala za barua, bima na tiketi ya kurudi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, maana mpakani unaweza kuulizwa upya. Mwenyeji ana saa 48 za kuijulisha polisi kwamba amekupokea. Na ukiingia Italia kupitia nchi nyingine ya Schengen, nenda Questura, yaani ofisi ya polisi, ndani ya siku 8 utoe dichiarazione di presenza, tamko kwamba upo nchini. Ukilala hotelini, hoteli hukufanyia.

Tunza vishina vya ndege vya kurudi. Tangu Oktoba 2025 EES, mfumo wa kompyuta wa kusajili wanaoingia na kutoka, umeanza kuchukua nafasi ya mihuri mpakani, kwa hiyo pasipoti inaweza isiwe na alama yoyote ya kutoka kwako. Na aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili akazitumia kihalali, sheria inampa nafasi ya viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi.