Somo: Ukitibu mguu, tibu na kiatu

Wanakikundi, salaam. Mvua za Machi zikianza tu, kibanda changu cha viatu pale Gikomba hugeuka kliniki. Mteja anavua raba ajaribu nyingine, nami naona kati ya kidole cha nne na kile kidogo ngozi imekuwa nyeupe, imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Anainama, ananong'ona: "Mkubwa, hii kitu hutolewa na nini?"

Ni fangasi wa miguuni, na hutoka. Shida ni kwamba wengi hupaka dawa asubuhi, kisha mguu unarudi ndani ya kiatu kilekile kilichouambukiza.

Dawa yangu mimi ni mafuta, basi kwanza tuelewane ni mafuta gani. Ninayosema hapa ni mafuta tete, yale yanayokenekwa kwa mvuke na ukiacha chupa wazi huruka hewani. Kule Pemba, makonyo ya karafuu ambayo wengine wangetupa hukenekwa yakatoa mafuta. Kuchemsha karafuu ndani ya mafuta ya kupikia hakukupi kitu hicho. Kunakupa jiko linalonukia.

Fangasi wa miguuni hula keratini, ile protini ya ngozi ya juu, nywele na kucha. Utando wa seli yake una ergosteroli, wetu una kolesteroli. Krimu ya clotrimazole, dawa ya fangasi ya kupaka, humzuia kuitengeneza hiyo ergosteroli. Mafuta tete huuvamia utando wenyewe: huulegeza hadi vilivyo ndani vinavuja. Kwenye karafuu anayefanya kazi hiyo ni eujenoli, kwenye mchaichai ni sitrali, kwenye ti-tri ni terpineni-4-oli. (Ti-tri ni mti wa Australia. Msiniletee majani ya Kericho.)

Mimi hutumia ti-tri kwa ngozi na karafuu kwa kiatu. Mwaka wangu wa kwanza sokoni nilidondosha karafuu tupu, bila kuchanganya, katikati ya vidole. Ngozi iliungua, nikauza viatu siku tatu nikiwa nimevaa patipati.

Sasa fanya hivi. Chukua chupa ya ti-tri ya mililita 10, imimine yote ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana "kijiko kidogo" cha Kayole si cha Lang'ata. Hapo una asilimia 25. Hifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, mbali na mwanga, kwa sababu ti-tri iliyochakaa ndiyo huwasha ngozi za watu.

Kabla ya mguu, paka tone moja ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima. Pakiwa pekundu, acha kabisa.

Osha miguu, kausha. Hapa ndipo watu huharakisha: pitisha kitambaa kikavu katikati ya kila kidole, kimoja kimoja, kisha ngoja dakika kumi. Paka kidogo asubuhi na jioni kwa wiki nne, hata kama mwasho umeisha wiki ya kwanza. Ngozi iliyopasuka ikatoa damu usiipake.

Kiatu: toa soli ya ndani, jaza magazeti usiku. Changanya mililita 100 za spiriti na matone 20 ya mafuta ya karafuu, tikisa, pulizia ndani, acha kikauke kabisa. Usifanye hivyo karibu na jiko, spiriti hushika moto. Julai Nairobi jua ni la kuombewa, kwa hiyo uwe na jozi mbili, upokezane. Soksi fua kwa maji ya moto.

Maswali yenu:

*Mwalimu, kuna ushahidi wowote au ni maneno ya soko?*
Upo, na una mipaka. Mwaka 1992 Australia walijaribu krimu ya ti-tri ya asilimia 10 kwa watu 104. Mwasho na magamba vilipungua, lakini fangasi mwenyewe hakuondoka zaidi kuliko kwa waliopakwa krimu isiyo na dawa. Mwaka 2002 wakajaribu asilimia 25 na 50, hapo ikafanya vizuri zaidi, ila wachache wakapata vipele. Ndiyo maana nakazania asilimia 25 na kujaribu kwanza kiwikoni. Kama una pesa ya clotrimazole, hiyo imejaribiwa zaidi. Sitagombana nawe.

*Kaka, mtoto wangu ana mashilingi kichwani. Nimpake?*
Hapana, dada yangu. Kichwani fangasi huingia kwenye shina la nywele, mafuta hayafiki. Mpeleke kliniki, anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Na chupa ya ti-tri iweke juu, mtoto asiinywe, ni sumu.

*Nitajuaje kama nimeuziwa mafuta yaliyochanganywa?*
Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, rudi kesho. Likiacha doa la mafuta kama karatasi ya mandazi, umeuziwa mafuta ya kupikia yenye manukato. Karafuu hukawia kuruka, ipe muda zaidi.

*Baba ana sukari na kidonda kidoleni.*
Usipake chochote. Mpeleke aonwe leo, mzee wa sukari huenda hasikii maumivu ya mguu.

*Nilipewa krimu dukani, mwasho uliisha siku mbili, sasa duara limekuwa kubwa kama sahani.*
Soma tyubu. Ukiona betamethasone, hiyo ni steroidi. Hutuliza mwasho huku fangasi akiendelea kula. Nenda na tyubu hiyo kwa daktari wa ngozi.

*Hivyo viatu vyako huwa umevipulizia tayari?*
Vya kwenye meza, ndiyo. Vya kwenye rundo la shilingi mia mbili, pulizia mwenyewe.