Maji ya Mvua Yakiingia Nyumbani

Mvua za Masika, zinazonyesha Unguja na Pemba kati ya Machi na Mei, hujaza mitaa ya mabondeni kwa muda mfupi, hivyo zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafikia soketi, na usiiguse kamwe ukiwa umesimama majini. Watoto wasichezee maji hayo, hata wakilia. Jambo kubwa zaidi ni kisima: mafuriko huchanganya maji yake na ya makaro ya vyoo, na kipindupindu huenea kwa njia hiyo. Yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1, kwani kuchuja pekee hakuui vijidudu. Yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na uyateke kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kinachozamisha vidole.