Rilei ya Wi-Fi inachemka ukutani? Anza na skrubu

Wakuu, hivi virilei vidogo vya Wi-Fi, yaani swichi ndogo za kuwashia vitu kwa simu zinazofichwa nyuma ya swichi ya ukutani, kina Shelly na Sonoff na wenzao, vikianza kuchemka tu mtu anasema kauziwa feki. Feki zipo kweli, ila nyingi nilizofungua mimi kosa lilikuwa la aliyefunga, na mojawapo nilifunga mwenyewe.

Nilikiweka cha 16A kwenye hita ya maji ya 3000W. Ukigawa kwa 230V unapata kama 13A, nikaona poa. Miezi ikapita, siku moja asubuhi natoka kuoga nasikia harufu ya samaki aliyechacha na jikoni hakuna samaki, nikanusanusa mpaka nikafika kwenye swichi. Nazima meini nafungua, tundu moja la waya limekuwa kahawia, ganda la waya limekakamaa jeusi, na tundu la pembeni yake jeupee kama limetoka dukani leo. Kikiungua tundu moja tu ujue hapo waya haukubanwa. Nilikuwa nimesokota nyaya mbili tundu moja, skrubu ikabana mmoja mwingine ukawa unaelea.

Kwa hiyo kabla ya kununua kingine fanya hivi. Zima meini, sio swichi tu, maana rilei ina umeme muda wote hata taa ikiwa imezimwa, afu hakikisha kwa testa uliyoijaribu kwanza sehemu yenye umeme. Vuta kila waya kwa mkono, ukicheza umeshapata jibu. Kama ncha imeungua usiirudishe hivyohivyo, shaba iliyopauka haishiki vizuri hata ukaze vipi, kata mpaka uone shaba inang'aa. Waya wa nyuzinyuzi uvishe kile kimrija cha chuma (ferrule) kinachobanwa kwa koleo, na kama unahitaji nyaya mbili ziunganishe nje kwenye konekta utoe mmoja uingie kwenye tundu. Rilei iliyobabuka usiitengeneze, tupa.

Skrubu zote zikiwa sawa angalia mzigo, yaani kile kitu rilei inachokiwasha. Watu hapa hawanielewi, joto halipandi sawasawa na ampea, ukizidisha ampea mara mbili joto pale kwenye muungano linakuwa mara nne, ndo maana kilekile kilichowasha taa mwaka mzima bila shida kinaungua kwenye pasi. Mi siku hizi kitu kinachovuta mfululizo sivuki nusu ya ampea zilizoandikwa. Shawa ya papo kwa papo ya 5500W inavuta kama 24A, hiyo usiiguse kabisa na haya madude. Pampu ya maji nayo inadanganya, ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kawaida yake, visahani vya ndani ya rilei vinavyogusana kupitisha umeme vinagandana, unazima kwenye simu inakuambia imezima na pampu bado inanguruma. Dawa ni kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na koili ya sumaku: rilei iwashe koili ya kontakta tu, kontakta ndo ibebe mzigo, na hiyo kazi mpe fundi umeme.

Halafu kuna nafasi. Vingi vimeandikwa mwisho 40°C za hewa inayokizunguka, sasa Dar mwezi wa pili, ukuta unaopigwa jua la mchana, boksi dogo limeshindiliwa nyaya, hapo hewa iko wapi. Weka boksi lenye kina au kipeleke kikae kwenye boksi lake juu ya dari, ila kisifunikwe na magunia. Na wale wa kuzungushia tepu nyeusi kifaa kizima eti usalama, mnakivalisha sweta.

Kama chako kinaonyesha joto kwenye simu, soma kikiwa hakina mzigo, washa mzigo nusu saa soma tena. Cha taa zangu kinakaa 50 na kitu na hakijawahi kunisumbua, joto kidogo ni kawaida maana kinakula umeme muda wote. Ukiona kinapanda tu hakitulii baada ya kuwasha, rudi kwenye skrubu na mzigo. Kikichemka bila mzigo wowote na kinajizima kujiwasha, hicho ndo kibovu chenyewe, kirudishe dukani.

Mi baada ya mwezi huwa nazima meini nakaza tena skrubu zote, na za hita lazima kuna moja inakubali robo mzunguko.