Namna ya Kufuatilia Nyayo za Babu Aliyepigana Burma

Katika nyumba kadhaa za Kisumu, Siaya na Vihiga bado kuna sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake nyota ya madini ya njano yenye ncha sita, iliyofungwa kwa kitambaa. Familia hujua tu kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar, na kwamba hakupenda kuulizwa. Mambo hayo machache yanatosha kuanzia.

Itazame kwanza nyota yenyewe. Ya Burma ina utepe wenye mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokolea pande zote mbili, na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Usivunjike moyo ukikosa jina la babu mgongoni mwake, kwa kuwa nyota nyingi zilizotolewa na Uingereza baada ya vita hivyo hazikuchorwa majina.

Kabla ya kupanda basi kwenda Nairobi kutafuta nyaraka, keti na wazee waliosikia masimulizi yake, hasa mashangazi, ambao aghalabu hukumbuka kuliko wajomba. Usiwaulize alipigana vita gani. Waulize mvua ilikuwaje, chakula kilitoka wapi, na walivuka mto gani. Nyanya yangu, aliyeolewa Vihiga na ambaye sasa ni marehemu, hakuwahi kulitaja jina la mji hata mmoja wa Burma, lakini alirudia kila mara kwamba mumewe alitembea kwenye tope miezi mingi, akameza vidonge vilivyoifanya ngozi yake kuwa ya njano, akapokea chakula kilichoshuka kwa miavuli, kisha akavuka mto mpana kuliko Yala juu ya daraja la vyuma Krismasi ilipokuwa inakaribia.

Sasa yaweke masimulizi hayo kando ya kalenda ya vita. Wajapani walishindwa Imphal na Kohima, mashariki mwa India, kati ya Machi na Julai 1944, na Jeshi la 14 la Uingereza, chini ya Jenerali William Slim, likaanza mashambulizi makubwa ya kuikomboa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, iliwafuata adui kutoka mji wa Tamu kupitia bonde la Kabaw, msimu wa mvua, katika nchi yenye malaria kali, ambako vidonge vya mepakrini, dawa ya malaria inayoifanya ngozi kuwa ya njano, vilikuwa vya lazima na ndege ndizo zilizobeba chakula. Iliingia mji wa Kalewa tarehe 2 Desemba 1944, na siku chache baadaye wahandisi wakakamilisha juu ya mto Chindwin daraja la vyuma la futi 1,154, yaani takriban mita 350. Nilipoyasoma hayo nilitambua kwamba nyanya alikuwa amenipa mahali na mwezi bila kujua.

Kalenda hiyo pia hukagua masimulizi. Baada ya Kalewa divisheni hiyo iliondolewa na kurudishwa India, kwa hiyo ukiambiwa kwamba babu aliingia Mandalay, iliyotekwa Machi 1945, chunguza kama alihamishiwa kikosi kingine. Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, kwa mfano, ilifika mto Irrawaddy Februari 1945 ili kuwahadaa Wajapani kuhusu mahali pa kuvukia, na Brigedi ya 22 ilipigana pwani ya Arakan. Tarehe ya kuandikishwa nayo ni muhimu: Idi Amin alijitapa kuwa alipigana Burma, ilhali kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.

Hatua nzito kuliko zote ni kupata namba ya batalioni. Itafute kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kwenye barua, hata nyuma ya picha. Angalia usichanganye Divisheni ya 11 na Batalioni ya 11 ya KAR. Hiyo ya pili ni kikosi cha Kenya kilichokuwa ndani ya Brigedi ya 25 ya divisheni hiyo. Ukishaipata, shajara za vita za vikosi vya Burma, yaani kumbukumbu za kila siku za kikosi, zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, katika mkusanyo uitwao WO 172, na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, ina majalada ya utawala wa wilaya zetu za wakati huo. Shajara hutaja maafisa zaidi ya askari, basi soma kwa ajili ya siku na mahali.

Kwa asiyerudi, tafuta katika orodha ya intaneti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jaribu tahajia nyingi, kwani karani aliandika alivyosikia: Wafula aweza kuwa Wafura. Nyumbani wakisema alizama baharini, anza na meli Khedive Ismail, iliyozamishwa karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Karibu watu 1,300 walikufa.

Kila unachopata, kinakili siku hiyohiyo, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli jina, kikosi na aliyekusimulia.