Tegu wa Nguruwe Huanzia Chooni

Mnunuzi wa nguruwe akifika kijijini, iwe Mbozi au Mbulu, kabla ya kutaja bei humlaza mnyama, humpanua mdomo kwa kijiti na kuupapasa ulimi. Anatafuta vinundu, yaani vifuko vidogo vya maji vyenye kidoa cheupe ndani. Akivikuta, anaondoka, au anataja bei ya kutupa. Mfugaji hubaki akimlaumu nguruwe, ilhali nguruwe aliyapata mayai ya tegu, yaani mnyoo bapa wa utumboni, kwenye kinyesi cha mtu.

Mtu akila kitimoto yenye vifuko hai ambayo haikuiva vizuri, tegu humkulia utumboni hadi urefu wa mita kadhaa. Huweza kukaa humo miaka, na mwenyewe asijisikie mgonjwa. Pingili zilizojaa mayai hutoka na choo. Akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura hula kile kinyesi, na baada ya miezi miwili au mitatu nyama yake ina vifuko.

Hatari kubwa zaidi iko kwetu sisi watu. Mayai hayo yakimwingia mtu kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi, vifuko huota mwilini mwake kama vinavyoota kwa nguruwe. Vikikaa kwenye ubongo, huleta kifafa. Ndiyo maana hata asiyeonja nguruwe maishani anaweza kuugua, iwapo aliyemwandalia chakula ana tegu. Anayeanguka kifafa hajalogwa. Apelekwe hospitali mapema.

Basi mfugaji, kabla ya kununua mbegu bora, chimba choo. Kiwe na mlango unaofungika, maana nguruwe huingia, na watoto nao wakitumie. Kisha jenga banda na mnyama abaki humo mwaka mzima, hata baada ya mavuno wengi wanapofungulia. Lakini banda peke yake halitoshi. Majani uliyokata mahali watu wanapojisaidia hubeba mayai hadi ndani, na mikono ya anayelisha vilevile. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa pumba.

Dawa ipo: oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja kwa mdomo. Nguruwe wa kilo 50 anahitaji miligramu 1,500. Kama chupa ina miligramu 100 kwa mililita, hiyo ni mililita 15. Dozi hii ni kubwa kuliko ya minyoo ya kawaida, na wengi hukosea hapo. Mwite afisa mifugo apime, akueleze pia usichinje kabla ya siku ngapi. Vifuko vilivyokufa huchukua wiki nyingi kutoweka kwenye nyama.

Ulimi safi usikudanganye. Nguruwe mwenye vifuko vichache mara nyingi haonyeshi kitu ulimini, kwa hiyo nyama ikaguliwe na mkaguzi, kisha ikatwe vipande vidogo na ipikwe mpaka katikati pasibaki wekundu.

Ukiona pingili nyeupe bapa kwenye choo chako, nenda zahanati. Kama umewahi kuanguka kifafa au unaumwa kichwa mara kwa mara, mweleze mganga wa zahanati kabla hujameza dawa yoyote ya tegu, kwa sababu baadhi yake huvichokoza vifuko vilivyo kwenye ubongo na kuamsha kifafa.