Pima nyasi za ngitili kwa ngumi

Nimeonyeshwa na mzee mmoja huku Misungwi, nami naona kila mwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, aijue hii. Simamisha ngumi chini, kwenye nyasi zilizoliwa. Zikiwa fupi kuliko ngumi, kama sentimita 10, hamisha ng'ombe siku hiyo hiyo. Akiba ya kuchipua vuli ikianza iko kwenye shina la chini. Likiliwa, unabaki na vumbi. Tena mabuu ya minyoo hukaa zaidi karibu na ardhi, hasa nyasi zikiwa na unyevu. Pima nyasi wanazozipenda tu, maana zile ngumu wanazoziruka zitakudanganya. Kwenye mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, iliyolowa ngumi haisaidii: kwato huharibu udongo hata nyasi zikiwa ndefu. Hapo subiri pakauke.